Ya Umma Yanapopokea, Binafsi Yanapoulizwa

Mwanafunzi wa San Diego State, chuo kikuu cha umma cha California, akinunua kitabu cha kiada au sahani ya wali kwenye kampasi yake, fedha zake haziingii mikononi mwa chuo. Zinaingia Aztec Shops, shirika lisilotengeneza faida lililoanzishwa mwaka 1931, lenye bodi yake, akaunti zake za benki na wafanyakazi wake. Mhadhiri wake akipata ruzuku ya utafiti kutoka serikali kuu ya Washington, fedha hizo hupokelewa na shirika jingine, San Diego State University Research Foundation, lililopo tangu 1943. Mhitimu aliyetajirika akitaka kufadhili masomo ya vijana wasiojiweza, hundi yake huenda Campanile Foundation. Ada ya ukumbi wa wanafunzi na shughuli zao iko chini ya Associated Students, ambayo nayo imesajiliwa kivyake. Chuo ni kimoja na kampasi ni moja, lakini mlipakodi wa California anayetaka kujua fedha zinazunguka vipi pale ndani itambidi abishe hodi kwenye milango mitano.

San Diego haiko peke yake. Mfumo mzima wa vyuo vikuu vya jimbo, California State University (CSU), umejengwa hivyo. Una wanafunzi zaidi ya 450,000, na kwa miaka mingi ulikuwa na kampasi 23, kabla chuo cha ubaharia cha Vallejo hakijaunganishwa na Cal Poly mwaka 2025. Kuzizunguka kampasi hizo yamekuwapo mashirika saidizi ambayo idadi yake imekuwa kati ya 80 na 95, kutegemea yapi yameunganishwa na yapi yamevunjwa. Yanaendesha migahawa, maduka ya vitabu, nyumba za kupangisha, vituo vya kulelea watoto, ruzuku za utafiti, mifuko ya akiba na viwanja vya michezo.

Siandiki ili mashirika haya yafutwe. Yanafanya kazi ambayo chuo chenyewe kingeshindwa kuifanya, na mengi yanaifanya vizuri. Ninachokipinga ni tabia moja: shirika linajitambulisha kuwa ni sehemu ya chuo pale linapohitaji ardhi, jina, nembo na wafanyakazi wa chuo, kisha linageuka kuwa la watu binafsi pale mwananchi anapoomba kuona mkataba. Popo akiitwa na ndege hujiita mnyama, akiitwa na wanyama hujiita ndege. Kwa taasisi inayokaa juu ya ardhi ya umma na kukusanya fedha kwa jina la umma, hali hiyo haivumiliki.

Tuanze na sababu ya kuwapo kwake, maana haikuwa hila. Fedha za jimbo huja kwa bajeti ya mwaka, zikiwa zimepangiwa mafungu. Ununuzi wake hufuata taratibu za zabuni ambazo zinafaa sana kwa kujenga maabara, lakini hazifai kwa mpishi anayehitaji nyanya kesho asubuhi. Katiba ya California inakataza kugawa fedha za umma kama zawadi kwa mtu binafsi, na wahasibu wa serikali hulisoma katazo hilo kwa ukali. Mtafiti aliyepata ruzuku ya miaka miwili anahitaji kuajiri wasaidizi wanne mwezi huu na kuachana nao ruzuku ikiisha, na ajira za serikali hazikutungwa kwa mwendo huo. Kila moja ya shida hizi ndogo ilizaa jibu lilelile, yaani sajili shirika la pembeni, lipe kazi hiyo, libaki chini ya uangalizi wa mkuu wa chuo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Cal Poly, San Luis Obispo. Chuo hicho kimejenga sifa yake juu ya kujifunza kwa kutenda, na tangu enzi za rais wake Julian McPhee wanafunzi wa kilimo walikuwa wakifuga ng'ombe, nguruwe na kuku wa kuuza kweli sokoni, si wa kuchorwa ubaoni. Nani anunue ndama? Nani abebe hasara mnyama akifa? Nani agawane faida na kijana wa miaka 19? Hazina ya jimbo haikuwa na fungu la namna hiyo. Mwaka 1940 ukaanzishwa wakfu wa chuo, ambao leo unaitwa Cal Poly Corporation, nao ukawa unatanguliza mtaji, mwanafunzi analea mradi, mauzo yakifanyika wanagawana. Vijana wengi waliotoka familia za mashambani walisoma kwa njia hiyo. Anayedhani mashirika haya ni ujanja wa kuficha fedha tangu siku ya kwanza aanze kwa kuitazama historia hii.

Mambo mengine mema yanaonekana kwa macho hata leo. Pale Long Beach, kituo cha kulelea watoto cha Isabel Patterson kinaendeshwa na shirika la serikali ya wanafunzi. Fresno State ina shirika zima kwa ajili ya malezi ya watoto tu. Mama anayesoma huku ana mtoto wa miaka miwili hamalizi shahada bila huduma kama hiyo, na wanafunzi wa vyuo hivi wengi ni watu wa kipato cha chini, wengi ni wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo. Ghala za chakula cha bure kwa wanafunzi wenye njaa, ambazo zimeenea katika kampasi za California, mara nyingi zinaendeshwa na mashirika yaya haya. Na mashirika haya yanaajiri wanafunzi wengi. Kijana anayekuuzia kahawa kwenye kampasi huenda ndiye utakayemkuta kesho ameketi kiti cha mbele kwenye somo la takwimu.

Wala sheria haikuyaacha yajiendee. Sheria ya Elimu ya California, kuanzia kifungu cha 89900, inataka yafuate kanuni za bodi ya wadhamini wa mfumo mzima. Hesabu zikaguliwe kila mwaka na mkaguzi huru. Bodi ikutane angalau mara moja kila robo mwaka, na ikutane hadharani. Wafanyakazi wa kudumu walipwe mishahara na marupurupu yanayolingana na ya wenzao wa chuo wanaofanya kazi kama hizo. Ni masharti mazuri. Lakini kwa miongo mingi lilikosekana moja, nalo ndilo lililoleta kizaazaa: haki ya mwananchi kuomba nyaraka.

Mwisho wa miaka ya 1990 Fresno State ilipanga kujenga ukumbi mkubwa wa michezo, ule ulioitwa Save Mart Center na kufunguliwa 2003 baada ya kugharimu zaidi ya dola milioni 100. Ulikuwa ukumbi wa chuo cha umma, ila msimamizi alikuwa shirika saidizi, California State University, Fresno Association. Ili kupata fedha, vyumba vya kifahari vya kutazamia mechi vilikodishwa kwa watu na makampuni yaliyochangia ujenzi. Gazeti la Fresno Bee likauliza swali ambalo gazeti lolote la mji lingeuliza: ni akina nani hao, na wamekubaliana nini? Likanyimwa. Kesi ikafika mahakama ya rufaa, na mwaka 2001 majaji wakaamua kwamba shirika lile si wakala wa serikali kwa maana iliyoandikwa katika sheria ya nyaraka za umma, kwa hiyo halibanwi nayo. Chuo chenyewe kiliamriwa kutoa nyaraka zilizokuwa mikononi mwake, lakini shirika likabaki na kinga yake.

Majaji wenyewe hawakufurahia hukumu waliyoandika. Waliandika wazi kwamba uamuzi wao unaonekana kugongana na lengo la sheria, na kwamba wamebaki wakijikuna vichwa wakiuliza bunge lilikuwa linafikiria nini. Lakini kurekebisha maandishi ya sheria ni kazi ya bunge, wakasema, na hapo walikuwa sahihi.

Bunge lilichukua miaka 10.

Katika miaka hiyo kinga iligeuka kuwa mazoea. Angalia ugawaji wa kazi ulivyo. Katika kampasi nyingi, makamu wa rais wa chuo anayeshughulikia uchangishaji ndiye huyohuyo mtendaji mkuu wa wakfu. Ofisi ni moja, simu ni moja, karani ni mmoja. Asubuhi anajibu barua kama mtumishi wa umma, mchana anasaini mkataba kama mtendaji wa taasisi binafsi. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika karatasi iliyo juu ya meza hiyo ni ya nani, na palipo na shaka, jibu lililozoeleka lilikuwa lile linalofunga mlango.

Mwaka 2010 jambo hili lilitoka kwenye magazeti ya mji wa Turlock likazungumzwa Marekani nzima. Chuo cha Stanislaus, kampasi ya CSU mjini humo, kilikuwa kinaadhimisha miaka 50, na wakfu wake ukamwalika Sarah Palin, aliyewahi kuwa gavana wa Alaska na mgombea mwenza wa urais, awe mzungumzaji wa dhifa ya kuchangisha. Kumwalika hakukuwa kosa, wala msimamo wake wa kisiasa si hoja yangu. Seneta wa jimbo Leland Yee na shirika la kutetea uwazi la Californians Aware waliuliza analipwa kiasi gani. Chuo kikajibu hakina nyaraka za ziara hiyo, na wakfu ukasema mkataba ni siri.

Kumbuka mwaka wenyewe. Jimbo lilikuwa limekata mamia ya mamilioni ya dola kutoka bajeti ya mfumo, ada ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 30 katika mwaka mmoja wa masomo, na wahadhiri walikuwa kwenye likizo za lazima zisizo na malipo. Mwanafunzi anayeambiwa hakuna fedha za kufungua darasa la pili la kemia ana haki ya kuuliza za dhifa zinatoka wapi, hata kama jibu litakuwa la kumridhisha. Mwezi Aprili, siku ambayo ofisi zilikuwa zimefungwa kwa likizo hiyohiyo, wanafunzi walidokezewa kwamba kuna karatasi zinatupwa. Walikwenda kwenye pipa la taka wakapata kurasa kadhaa za mkataba wa Palin: usafiri wa ndege daraja la kwanza au ndege binafsi ya ukubwa uliotajwa, maji ya chupa yenye mirija ya kukunjika, maswali ya hadhira yachujwe kabla. Kiasi cha malipo hakikuwamo kwenye kurasa zile.

Kilijulikana baada ya dhifa ya Juni: dola 75,000. Wakfu ukatangaza kuwa hafla imeingiza zaidi ya dola 200,000 baada ya gharama. Kwa hesabu hiyo biashara ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Hapakuwa na cha kuficha. Wangeweka mkataba mezani siku ya kwanza, habari ingeisha kwa siku mbili. Badala yake ofisi ya Mwanasheria Mkuu Jerry Brown ikaingia kuchunguza, mahakama ya kaunti ikaamua mwezi Agosti kwamba chuo kilivunja sheria ya nyaraka za umma, na jina la chuo likabaki limefungamana na pipa la taka. Usiri uliwagharimu heshima ambayo hakuna mchangiaji angeweza kuwarudishia.

Wakati huohuo, Sonoma State ilikuwa na jeraha lake, na kwangu hilo ni zito zaidi ingawa halikupata umaarufu wa Palin. Wakfu wake wa kitaaluma ulikuwa na mazoea ya kuwekeza sehemu ya akiba kwa kukopesha watu wa biashara ya ardhi na majengo. Mwaka 2007 ulimkopesha dola milioni 1.25 mtu aliyekuwa mjumbe wa bodi yake, siku mbili baada ya yeye kujiuzulu ujumbe. Bei za nyumba zikaporomoka, na mwaka 2009 mkopo ukashindwa kulipwa. Fedha hizo hazikuwa za mtu mmoja mmoja. Zilikuwa michango iliyotolewa na wazazi, wahitimu na wajane kwa ajili ya masomo ya vijana wasiowajua. Zikipotea, hakuna mjumbe wa bodi anayekatwa mshahara. Anayekosa ni mwanafunzi wa mwaka ujao ambaye hata hajui kwamba fungu lake lilikuwapo.

Ndiyo maana nasema nyaraka ni nusu tu ya suala. Nusu nyingine ni nani anabeba hasara. Shirika saidizi likipata faida, chuo kinajivunia. Likipata hasara, wanasheria wanakumbusha kwamba ni taasisi tofauti. Lakini hakuna chuo kitakachouacha mgahawa wake ufe au mabweni yake yachukuliwe na benki mbele ya wanafunzi. Mwishowe umma utabeba, kwa ada, kwa kodi, au kwa huduma zitakazopungua. Umma unaobeba hasara una haki ya kuona hatari inapochukuliwa, si baada ya kuanguka.

Hata kabla ya dhifa ya Stanislaus, Seneta Yee alikuwa ameshapeleka bungeni muswada wa kuyalazimisha mashirika haya kutoa nyaraka. Alikuwa akirudia kusema kwamba takriban asilimia 20 ya bajeti ya mfumo wa CSU, zaidi ya dola bilioni moja, iko mikononi mwa mashirika ambayo mwananchi hawezi kuyauliza. Gavana Arnold Schwarzenegger alikataa kuusaini mwaka 2009 kwa hoja kwamba wachangiaji wangekimbia. Ukarudi, akaukataa tena 2010, miezi michache baada ya Stanislaus. Hatimaye mwaka 2011 gavana mpya, Jerry Brown yuleyule aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati wa uchunguzi, akasaini muswada SB 8, uliopewa jina la Richard McKee, mpigania uwazi wa Californians Aware aliyefariki mwaka huohuo. Tangu Januari 2012 mashirika saidizi ya CSU, na ya mifumo mingine ya vyuo vya umma California, yanalazimika kutoa nyaraka. Ni haki kusema pia kwamba Yee mwenyewe baadaye alikiri makosa ya rushwa katika mambo mengine na kufungwa. Anguko lake halikuifanya sheria kuwa mbaya, na sheria haikumfanya yeye kuwa mwema.

Je, wachangiaji walikimbia? Vyuo vya California vimeendelea kuchangisha mwaka hadi mwaka, na wakuu wao wanatangaza kampeni kubwa kuliko zile za kabla ya 2012. Tishio lililotumika mara mbili kuua muswada halikutimia.

Hata hivyo, hofu hiyo iliacha alama ndani ya sheria. Ili upinzani ulegee, muswada ulikubali kwamba mchangiaji anaweza kubaki bila kutajwa jina. Kuna vizuizi: hawezi kufichwa akipata kwa mchango wake manufaa ya zaidi ya dola 2,500 katika mwaka, akipewa mkataba usio na zabuni ndani ya miaka mitano, au akijaribu kushawishi mtaala au uendeshaji wa chuo. Kwa kusoma tu ni vizuizi vya busara. Shida ni nani anavipima. Anayeamua kama mchangiaji amenufaika ni shirika lililopokea mchango, na raia hawezi kulinganisha orodha ya wachangiaji na orodha ya wenye mikataba kwa sababu orodha ya kwanza haioni. Mlinzi amepewa kazi ya kujilinda mwenyewe. Ningependa mkaguzi wa jimbo, ambaye tayari ana mamlaka ya kuona kila kitu, apewe jukumu la kulinganisha orodha hizo mbili kila mwaka na kutangaza matokeo bila kutaja majina ya wasio na hatia. Bibi anayetaka kutoa dola 500 kimya kimya angelindwa, na mkandarasi anayenunua upendeleo angeonekana.

Kentucky ilifika penye swali hilohilo kwa njia nyingine. Huko gazeti la Louisville liliupeleka mahakamani wakfu wa chuo kikuu cha mji huo, mahakama zikasema wakfu ni chombo cha umma, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamalizia suala la majina: wachangiaji 62 walioomba siri kabla wakfu haujatambuliwa kuwa wa umma walindwe, kwa kuwa waliahidiwa, lakini watakaofuata wajue wanatoa kwa chombo cha umma. Naona hapo pana heshima kwa ahadi na heshima kwa ukweli kwa pamoja. Mtu mzima anayejua kanuni kabla ya kutoa fedha hajaonewa na yeyote.

Na Iowa ndiyo iliyouliza swali lenyewe kwa usahihi kuliko wote. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, ikiamua kesi ya wakfu wa Iowa State University, haikujifunga kwenye cheti cha usajili. Iliangalia kazi inayofanywa: kama taasisi inakusanya na kusimamia fedha za chuo cha umma kwa mkataba na chuo, basi inafanya kazi ya serikali, na nyaraka za kazi hiyo ni za umma. Kipimo kikiwa kazi badala ya umbo, hakuna wakili anayeweza kuhamisha mafaili kutoka kabati moja hadi jingine na kudai yamebadilika asili.

Kipimo hicho kinanirudisha huku kwetu, kwa sababu vyuo vyetu vya umma vinakwenda njia hiyohiyo kwa kasi. Ruzuku ya serikali haitoshi, kila baraza la chuo linaambiwa litafute mapato ya ndani, na jawabu limekuwa kusajili kampuni. Chuo Kikuu cha Nairobi kina University of Nairobi Enterprises and Services, inayojulikana kama UNES, tangu 1996. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampuni yake ya kompyuta, UCC. Umbo la kisheria linatofautiana na la California, maana hizi ni kampuni zinazomilikiwa na chuo, lakini sababu ya kuzaliwa ni ileile: kufanya biashara na ushauri wa kitaalamu ambao taratibu za serikali zingeukwamisha. Na pale ambapo chuo kimetoa ardhi yake kwa mwekezaji, kama Dar es Salaam ilivyofanya na kampuni ya Turnstar ya Botswana kujenga Mlimani City, tumeona mjadala ulivyo mkali: mkataba umehojiwa na Mkaguzi Mkuu na kamati ya Bunge, huku wanafunzi na wahadhiri waliokuwa jirani kabisa na jengo wakifuatilia habari zake magazetini.

Kwa upande wa sheria tuko mbele kuliko California ya 2001, na sielewi kwa nini tunalinyamazia jambo hili. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za haki ya kupata habari mwaka 2016. Ya Kenya haikomei kwenye ofisi za serikali. Inagusa pia taasisi binafsi inayopokea rasilimali za umma, inayotumia fedha za umma au inayotoa huduma za umma. Ya Tanzania nayo inagusa taasisi binafsi iliyosajiliwa inayotumia fedha za umma au kushika taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Hicho ni kipimo cha kazi na fedha, karibu sana na cha Iowa, na hakikuhitaji kesi, wala kusubiri miaka kumi, wala karatasi za kwenye taka. Kampuni ya chuo cha umma haina pa kujificha katika maneno hayo, iwe imeandikishwa kwa msajili yupi.

Kilichobaki ni matumizi. Haki ambayo haijaombwa huzeeka kwenye kabati, na ofisa ambaye hajawahi kupokea ombi hajifunzi kulijibu. Serikali za wanafunzi zetu zinatumia nguvu nyingi kupigania bei ya chakula na vyumba vya mabweni, nazo zina haki, lakini mara chache zinaomba mkataba ambao ndani yake bei hiyo ilipangwa. Umoja wa wahadhiri unalalamikia malimbikizo ya posho huku hesabu za kampuni ya ushauri, inayouza utaalamu wa wahadhiri haohao, hazijadiliwi kwenye mkutano wake.

Nairobi ofisa anatakiwa kujibu ombi ndani ya siku 21, Dar es Salaam ndani ya siku 30. Ombi linatosha ukurasa mmoja. Liombe hesabu zilizokaguliwa za kampuni ya chuo kwa miaka mitatu iliyopita, majina ya wajumbe wa bodi na nyadhifa zao nyingine ndani ya chuo, mikataba ya kukodisha ardhi na majengo ya kampasi, mikopo yoyote iliyotolewa kwa mjumbe au aliyekuwa mjumbe, na kiasi kilichorudishwa chuoni kila mwaka na kilitumika kwa nini. Lisainiwe na kiongozi wa wanafunzi na kiongozi wa wahadhiri kwa pamoja, nakala iende kwa Mkaguzi Mkuu, na tarehe ya kupokelewa igongwe muhuri.